Alhamisi Saa Tisa Usizime Redio

Mwanza,
Jumamosi asubuhi.

Baba yangu Mzee Seif,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha na baridi ya ziwani nimeizoea. Wewe je, goti linakuruhusu kuchuchumaa? Presha ya Mama inaendeleaje? Na mpunga mwaka huu mmevuna wenyewe, au mmewalimia viboko?

Barua hii isome peke yako kwanza. Ningepiga simu, ila nakujua, ungeikata kabla sijafika katikati. Barua hata ukiikunja kwa hasira, maneno yamo.

Baba, miaka mitatu nimekudanganya. Mimi sishoni nguo. Nilikaa kwenye cherehani ya Shangazi miezi mitano tu, nikaacha. Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa mwaloni, huku ufukweni wavuvi wanakoegesha vyombo vyao. Tezo nashika kila siku, nachonga mbao. Najua nyumbani kwetu mwanamke hagusi tezo, na nakumbuka ulivyomfokea dada Mwajuma siku aliyoisogeza yako ili afagie banda lako la mitumbwi. Shangazi usimlaumu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Kinachonifanya niseme leo ni redio.

Kazini kwetu tunasikiliza redio ile ile ya taifa unayosikiliza wewe. Inalia kutwa, na fundi mkuu wetu, Mzee Bwire, hataki mtu aiguse. Magazeti yakisomwa asubuhi najua unakunywa chai huku ukibishana na msomaji kana kwamba anakusikia. Kipindi cha wakulima kikianza najua umeshuka bandani na umeitundika redio kwenye msumari wake. Yakija matangazo ya vifo, Mama anaacha kutwanga asikilize kama limo jina la kwetu. Bunge likiingia, wewe unalala. Alasiri watoto wakianza kuimba redioni mimi huwa nimeshika pamba na mafuta, nakalafati, naziba nyufa za mbao, na hapo ndipo ninapokukumbuka kuliko saa zote. Nimeishi na wewe hivyo miaka mitatu, kipindi kwa kipindi, na wewe hujui. Siku nyingine nimelia, sikufichi.

Sasa, wiki hii mtangazaji wa kipindi cha wanawake na kazi alikuja mwaloni na kinasa sauti chake. Amesikia kuna binti wa pwani anaunda mitumbwi. Tulizungumza karibu saa nzima, na mazungumzo yetu yatasikika Alhamisi, saa tisa alasiri. Saa hiyo wewe uko bandani, na wazee wenzako, Mzee Kombo na wengine, wamekuja kukaa nawe hapo. Sikutaka uisikie sauti yangu mbele yao bila kujua. Ndiyo maana jirani yangu anayesafiri kesho kwenda Kibiti nampa barua hii, amkabidhi kaka Hamisi, naye akuletee kwa boti yake.

Utasikia mtangazaji anacheka sana, usidhani ananidharau. Nilimsimulia mtumbwi wangu wa kwanza. Niliuunda juu kabisa mchangani, mbali na maji, kama mnavyofanya nyumbani. Nilipomaliza nikakaa. Mzee Bwire akaniuliza, "Unangoja nini?" Nikamwambia nangoja bamvua, maji yajae yauinue. Akanitazama akasema, "Yajae yatoke wapi, mwanangu?" Kumbe ziwa halijai wala halipwi, maji yako pale pale mwaka mzima. Wakaitwa wanaume ishirini wausukume, na tangu siku hiyo hapa mwaloni jina langu ni Bamvua. Lakini ulipoingia majini, Baba, haukuvuja hata tone. Waliocheka asubuhi ndio walioniletea kazi jioni.

Kabla ya kuanza, mtangazaji aliniuliza kama nataka jina langu lifichwe, maana wako wanaoomba hivyo. Nilifikiri kidogo. Nikaona uongo wa miaka mitatu unatosha. Nikataja jina langu, nikataja lako, nikataja na kijiji chetu, Mbwera.

Kwa uongo nakuomba radhi, na nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Kwa kazi siombi radhi, wala siiachi. Sasa hivi nina mtumbwi niliousimamia peke yangu tangu mkuku wa chini mpaka ubao wa mwisho, na aliyeuagiza anausubiri. Idi nitakuja nyumbani na tezo yangu. Ukinikataza banda lako nitakaa jikoni kwa Mama nimchongee miiko, sitanuna. Ila kurudi nitarudi ziwani.

Mama msalimie sana, mwambie sijakonda, anayesema nimekonda ana lake. Dada Mwajuma mpe pole ya kulea mapacha. Kaka Hamisi mwambie ahsante kwa kuifikisha barua bila kuifungua, kama kweli hakuifungua. Bibi mzaa mama mbusu mkono kwa niaba yangu, na umweleze hili taratibu, ingawa nadhani yeye atacheka tu.

Alhamisi ukitaka kuzima redio, banda ni lako na redio ni yako. Lakini nakuomba usizime. Mwishoni niliulizwa nani alinifundisha ufundi. Nikasema ni baba yangu. Nilikuwa nakaa mlangoni mwa banda lake napepeta mchele, na yeye siku zote alidhani macho yangu yako kwenye ungo.

Ni mimi binti yako,
Fundi Zuhura