Mchezo wa Mafuriko Darasani kwa Rukia

Dada Somoe,

Mwanao hajambo. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua lingekuwa swali lako la kwanza. Rukia amerefuka, jino la mbele limeota, na hapa Mkotokuyana majirani wengi wanadhani nimemzaa mimi. Mwenyewe ananiita mama mdogo, vilevile kama ulivyomfundisha. Sijataka abadilishe.

Lakini dada, kuna jambo limenitikisa. Tangu nilisikie siko sawa. Nasonga ugali unashika chini, nakwenda shamba nasahau jembe. Kwa kuwa ni lako, nakuandikia wewe.

Wiki iliyopita tuliitwa shuleni, kikao cha wazazi. Nikawahi kufika. Nikapita nyuma ya madarasa, nikasikia watoto wanapiga makofi na kuimba, "Kasombwa! Kasombwa na maji!" Nilisimama pale pale. Unajua neno hilo lilivyo kwangu. Nikachungulia dirishani. Watoto walikuwa wamekaa chini kuzunguka kitambaa kikubwa chenye vyumba vyumba, kama ule mchezo wa nyoka na ngazi. Wanarusha dadu, wanasogeza vizibo vya soda. Kwenye kitambaa kimechorwa mto, nyumba, watu wanakimbia. Katikati ya maji kuna mwanamke amechorwa mikono juu, meno yote nje, kama mtu anayeogelea sikukuu.

Na aliyekuwa anarusha dadu alikuwa Rukia. Anacheka, dada. Anacheka kuliko wote.

Sijui niliingiaje. Nakumbuka tu nimekishika kile kitambaa nakivuta na vizibo vinarukaruka sakafuni. Mwalimu wao ni msichana mgeni, anaitwa Neema, ametoka bara huko, hana hata mwaka hapa. Akaniambia, "Mama, tafadhali, ni somo hili. Watu wa mradi wametuletea ili watoto wajue la kufanya mafuriko yakija."

Nikamwambia, "Huyu mtoto mama yake alikufa kwa mafuriko, kule Nanganga. Mnamchezesha kifo cha mama yake?"

Mwalimu Neema akaweka mkono mdomoni. Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia. Mwalimu mkuu akaja, akakikunja kitambaa mwenyewe, akakifungia kabatini. Nikatoka pale nikijiona nimekutetea. Ndiyo. Nilijiona nimekufanyia jambo.

Nyumbani Rukia hakula. Nilikuwa nimechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, anavyoipenda, akaiangalia tu. Nikamuuliza unaumwa? Akasema, "Mama mdogo, umenifungia mchezo wangu."

Nikaanza kumweleza kwamba mchezo ule si mzuri, hauna adabu, watu wamekufa kweli. Akanikata maneno. Rukia, ambaye hajawahi kunikata maneno! Akasema, "Kuna chumba kimeandikwa, umerudi ndani kuchukua vitu, umesombwa, anza upya. Ndiye mama huyo."

Nikamwambia hapana, mama yako hakurudi ndani. Si ndivyo tulivyoambiwa sote? Waliomkuta Rukia juu ya kichuguu, akitetemeka, walisema ulimpandisha yeye kwanza, maji yakakuchukua kabla hujapanda mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza watu msibani. Hivyo ndivyo ninavyokuombea dua.

Akatikisa kichwa. "Tulipanda wote. Mama alikuwa amekaa, amenipakata. Mimi nikalilia viatu."

Dada.

Viatu vyeusi vya shule, ulivyomnunulia mnadani Ruangwa, alikuwa hajavivaa hata mara moja. Anasema alilia sana, anavitaka. Ukamwambia, "Kaa hapa, usishuke." Ukashuka. Anasema alikuona unaingia mlangoni. Kisha ukuta wa nyuma ukalala.

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye vumbi kama mtu aliyepigwa. Wakati wote huo ameishi nyumbani kwangu, namwogesha, namsuka, analala mgongoni kwangu, na alikuwa na jambo hili kifuani. Kitoto kile! Na mimi nikasema kwa watu kwamba bahati nzuri mtoto hakumbuki chochote.

Nikamuuliza, mbona ulikuwa unacheka? Akasema, "Wenzangu wanacheka wakifika pale. Nisipocheka watajua."

Kisha akaniambia lililonimaliza kabisa. Siku moja alimuuliza Mwalimu Neema, mtu akitumwa ndani na mwenzake halafu akasombwa, nani kakosea? Mwalimu akamjibu kwamba kwenye mchezo hakuna mtu wa kutuma. Basi akawa anaucheza kila siku, anaangalia vyumba vyote, kimoja kimoja, kama kuna mahali pameandikwa.

Nilimshika, dada. Nikamwambia mtoto kulilia viatu si kosa, watoto wote hulia, wewe ulikuwa mdogo na mama yako alikuwa mtu mzima, alishuka mwenyewe kwa akili yake. Nilirudia hadi sauti ikakauka. Alilia, na mimi nililia, kilio ambacho hatukulia hata siku ya kukuzika. Ndipo akala.

Acha niseme na hili, utanisamehe: nilikukasirikia. Viatu, Somoe? Viatu si vinauzwa kila mnada? Nimelima tuta zima la mbaazi nagombana na wewe peke yangu, mpaka jirani akauliza nazungumza na nani.

Asubuhi yake nilirudi shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitambaa kile kichomwe. Ila mlangoni Rukia akanivuta khanga akasema, "Usiseme kichomwe." Basi nikamweleza Mwalimu Neema yote. Alilia kama aliyekufahamu. Akasema atakirudisha kwa watu wa mradi. Rukia akakataa. Akasema anataka kuwaambia wenzake.

Aliwaambia, dada. Alisimama mbele, mikono nyuma, akasema, "Mimi mama yangu alirudi ndani kuchukua viatu vyangu." Halafu katoto kamoja ka kiume nyuma kakauliza, "Ulivipata?" Nilitaka nimtoe nje kwa sikio. Rukia akajibu tu, "Hapana." Yule akasema, "Ah, pole." Na wakakaa chini, wakaanza kucheza! Wakaendelea kucheza, Somoe, mbele yangu. Walipofika kwenye kile chumba hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa mmoja aliyesahau, akapigwa kiwiko na mwenzake.

Mpaka leo sijui niseme nini kuhusu mchezo ule. Mwalimu ananiambia mchezo umemfungua mtoto moyo. Huenda. Lakini aliyeuchora hakuwahi kusimama ukingoni akitafuta mtu. Nimemwambia Mwalimu Neema yule mwanamke mwenye meno nje afunikwe, na wamembandikia karatasi. Rukia amemchora upya juu yake. Hacheki. Ana kitu mkononi, kidogo, cheusi. Sikuweza kuangalia mara mbili.

Tukishavuna ufuta nitamleta Nanganga kwenye kaburi lako. Anataka kukuambia mwenyewe, na mimi nitasogea pembeni niwaache.

Lala, dada yangu. Mola akupe nafasi na mwanga huko uliko. Hasira zangu zimekwisha, nadhani. Nakuahidi jambo moja tu: mvua zikija, tutatoka mapema, na tukishapanda juu sitashuka kwa kitu chochote kile. Akilia, nitamwacha alie. Atalia mikononi mwangu mpaka maji yapungue, halafu tutashuka wote wawili.

Mdogo wako,
Hadija