Walininyima Tone Moja la Damu

Jumatano, Morogoro mjini. Jua kali tangu asubuhi, nami niko kwenye benchi la hospitali na nyuzi mbichi juu ya sikio. Nina hasira. Anayetaka maneno laini leo asisome.

Mdogo wangu Shabani anakata vyuma chakavu Mikese. Juzi juzi aliletewa kifaa kizito kilichoibwa kwenye mradi wa ujenzi, akakipasua kwa nyundo bila kujua kina mionzi. Akaanza kutapika, viganja vikawaka vyekundu, akakimbilia kwetu Matombo, milimani. Wataalamu wa mionzi walipofika Mikese walikuta ganda tupu. Kipande cha ndani, chenye mionzi yenyewe, hakikuwepo.

Mimi ni mtu wa maabara. Leo nilipanda mlimani na daktari, tukiwa na kipimo kipya cha haraka: tone la damu ya kidole tu, na chai haijapoa unajua mwili umekula mionzi kiasi gani. Njia ya zamani ina majibu ya kusubiri, na Shabani hakuwa na muda wa kusubiri.

Baba alikubali. Nikaona inatosha.

Haitoshi! Kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mimi, mzaliwa wa pale, nilimpita mjomba Kibwana mlangoni kwake na shikamoo ya kukimbia. Nilipomshika Shabani kidole, mjomba alishafika uani na panga.

"Mtoto wa dada yangu anatolewa damu, kwani mimi nimekufa? Mumiani hao, wanyonya damu!"

Mawe yakaanza. Walimburuta dereva wetu nje ya gari, wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka akanyamaza. Jiwe lililonipasua mimi lilitoka kwa mwanamke niliyecheza naye utotoni. Mtu akanikaba, nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu. Sijutii.

Shabani akajitupa mbele yangu. Jiwe likamchana paji la uso.

Walininyima tone moja, kisha wakamwaga wenyewe mpaka shati lake likalowa. Tuliwakokota yeye na dereva hadi garini, daktari akashika usukani, nami nikakinga damu ile ile iliyokuwa ikimtiririka. Kipimo kikapanda mpaka juu kabisa. Nilipiga kelele kama mwehu.

"Kile cha ndani kiko wapi, Shabani?"

"Nilimpa mjomba. Kinang'aa, dada. Kitu kizuri si kinaanzia kwa mjomba? Anakilalia, chini ya mto."

Shabani amelazwa. Dereva hajafumbua macho. Mjomba nimempigia, anakata simu. Wataalamu na polisi wameshawasha gari, wananiita, kwa sababu bila mimi mjomba hatafungua mlango na damu nyingine itamwagika.

Nusu yangu inasema aachwe alale nacho. Nimeiandika na siifuti.

Lakini kitandani pale analala na mjukuu wake, anayejifunza kutembea.

Naenda. Nitapiga magoti mlangoni pake, mbele ya wote walionipiga, nimwombe mjomba ruhusa ya kumtoboa kidole yeye.