Ripoti Niliyoiandika Mwenyewe

Jumatano, 2 Julai
Ukungu tena. Newala haionekani mpaka saa tatu. Nimekunywa uji, nikatoka barazani. Watu wameshajaa. Mmoja anataka salfa ya mikorosho, mwingine nafasi ya shule ya bweni. Wengine wote maji. Maji kila siku.

Miaka mitano ya ubunge na bado wananiita Afande, si Mama Hadija. Siwakatazi. Nimevaa sare zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilianza konstebo, nikastaafu kamanda.

Kura za maoni ndani ya chama ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wanaonipinga ni wawili. Nawamudu.

Ijumaa, 4 Julai
Mkutano kijijini, kule ukingoni uwanda unapoporomokea Ruvuma. Nilizungumzia kisima. Makofi. Kisha mwanamke mmoja akasimama katikati ya wenzake.

"Mheshimiwa, mimi ni Mama Zuhura, mke wa Mzee Chitanda. Mume wangu alipoteza jicho siku ile ya ghalani, na juu ya hayo akafungwa. OCD ulikuwa wewe. Nauliza, alifanya nini?"

Nikajibu kwamba suala lile lilifika mahakamani likaisha. Waliokuja na magari yetu wakapiga makofi. Yeye hakukaa. Alibaki amesimama mpaka nikafunga mkutano.

Nimeona aibu. Nimejibu kama karani.

Jumamosi, 5 Julai
Sijatoka leo. Niandike ilivyokuwa, maana hata humu sijawahi kuandika.

Nilikuwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Wakulima walikaa chini mbele ya ghala la korosho, wakazuia malori yasitoke. Walikuwa wanaimba. Nilichoka kusubiri. Nikaamuru mabomu ya machozi, kisha virungu. Mimi, si mwingine. Chitanda alipigwa usoni akiwa bado amekaa. Nilimwona kutoka kwenye gari.

Jioni nikaandika ripoti kwamba wakulima ndio walioanza kurusha mawe na kwamba Chitanda aliwaongoza. Uongo. Kwa ripoti hiyo alifungwa. Mimi nikapandishwa cheo.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 6 Julai
Mwenyekiti wa chama alikuja baada ya chakula cha mchana. Habari zimeshamfika. Kanishauri niseme yule mama katumwa na wapinzani.

"Hajatumwa," nikamwambia. "Anasema kweli. Nataka niseme hadharani."

Akacheka kwanza. Alipoona sicheki akaweka kikombe chini.

"Mama Hadija, unataka kujichimbia kaburi wiki ya kura? Wajumbe watakuacha. Na unaweza kushtakiwa, unalijua hilo kuliko mimi."

"Najua."

"Basi nyamaza. Siku sita tu. Ukishapita, utamsaidia huyo mzee kimyakimya. Mpe hata bati."

Bati! Mtu kapoteza jicho, nimpe bati. Nilimsindikiza mpaka getini. Nimeshapokea amri za kutosha maishani mwangu. Hii siipokei.

Jumatatu, 7 Julai
Nimemweleza Baba Hadija. Miaka yote hii ya ndoa na hakuwa anajua. Alikuwa anaparua ming'oko, vile viazi vya porini, akaendelea kuparua mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtu alifungwa na wewe ulikuwa unalala humu ndani na mimi." Akaingia chumbani.

Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Jumanne, 8 Julai
Masasi. Nimeshuka asubuhi na Likomba, dereva wangu. Wakili ni kijana, msichana mwenye sauti ndogo. Nikamwambia nataka kula kiapo cha maandishi kuhusu kesi ya zamani. Aliandika kurasa mbili, akasimamisha kalamu.

"Mheshimiwa, shikamoo tena," akasema. "Una hakika? Hii ikitoka hapa hairudi."

"Andika."

Nimesaini kila ukurasa. Njiani Likomba hakuwasha redio.

Jumatano, 9 Julai
Nimesema. Kijiji kilekile, kiwanja kilekile. Mwenyekiti alikataa kuja, akazuia na vipaza sauti. Nikapaza sauti yangu mwenyewe. Niliwahi kuongoza gwaride, sihitaji spika.

Nilisema jina la Chitanda. Nikasema sikutumwa na mkubwa yeyote, amri ilikuwa yangu na uongo ulikuwa wangu. Hakuna aliyepiga makofi. Kina mama kadhaa waliondoka. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Na jicho utalirudisha?" Nikajibu, "Siwezi."

Mama Zuhura alikuwepo. Hakunisogelea.

Alhamisi, 10 Julai
Simu. Afisa mwenzangu wa zamani, tuliyekula naye depo chuo cha polisi, kaniita msaliti. Nimemwambia msaliti nilikuwa zamani zile, sasa naacha. Kakata.

Mwenyekiti ameleta ujumbe: nijitoe kwa sababu za kiafya. Sina ugonjwa. Sijitoi. Wanaotaka kuniangusha waniangushe kwa kura, wakiniangalia.

Jumamosi, 12 Julai
Nimeshindwa. Wa mwisho kati ya watatu.

Nilikaa ukumbini mpaka matokeo yote yakasomwa, nikampa mkono mshindi. Mwenyekiti alitazama pembeni. Nilitembea katikati ya ukumbi, si mlango wa nyuma. Nimeumia. Nilikuwa naupenda ubunge, nisijidanganye. Lakini ningeambiwa nirudie wiki hii, ningeirudia hivihivi.

Baba Hadija alinisubiri nje. Siku tano hatujasemezana vizuri. Kanibebea mkoba.

Jumapili, 20 Julai
Leo nimekwenda kwa Mzee Chitanda, na nakala ya kiapo. Peke yangu. Wakili anasema kitamsaidia kuomba mahakama iifute ile hukumu.

"Shikamoo, Mzee."

Alinitazama kwa jicho lake lililobaki. Kuku walipita. Kisha, "Marahaba. Keti."

Nikaketi kwenye mkeka. Alisema kusoma kunamsumbua, nimsomee. Nikasoma taratibu. Nilipofika pale pasemapo kwamba alikuwa amekaa chini na mikono yake ilikuwa mitupu, akanisimamisha.

"Mama Zuhura, waite watu."

Mkewe akaenda. Wakaja jirani, shemeji, wazee wawili, mwanawe Zuhura na mtoto mgongoni. Wakajipanga ukutani kivulini.

"Mimi sijakusamehe," Mzee akaniambia, bila hasira. "Lakini hawa walinijua kama mfungwa. Wasikie. Anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo.