Nilikwenda Kumsemea Wifi, Nikakitoa Kitalu Chake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na ikiwezekana unijibu upesi, maana zimebaki siku tisa na hata chakula hakipiti vizuri kooni.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina kibanda cha kupanga kwenye safu ya maduka ya mtaani kwetu, nimeolewa mwaka wa kumi na moja sasa na tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye tangu apate kiharusi upande wa kushoto haumtii, lazima awepo mtu wa kumgeuza na kumpeleka msalani, na mtu huyo mara nyingi ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke asiye na makuu, asubuhi yuko kwenye kitalu chake cha miche, mchana yuko kwetu anamhudumia mama yake huku mimi niko kwenye cherehani, na sijawahi kumsikia akisema amechoka.

Miezi miwili iliyopita maafisa mipango walituita wananchi tukatoe maoni kuhusu mpango wa miaka ishirini ijayo wa eneo letu lote, wapi pawe pa nyumba, wapi viwanda, wapi barabara, wakasema hawataki kutupangia wakiwa ofisini, wanataka tupange pamoja. Wifi alitaka sana kwenda, gauni alishalipiga pasi, lakini kikao kilikuwa saa nane mchana, saa ya mama kula na kuogeshwa, na mmoja wetu ilibidi abaki. Nikamwambia, "Wifi, wewe baki na mama, mimi nitakusemea." Akasema, "Haya, we waambie tu mimi nipo pale mwaka wa kumi na nne, na barua ya ofisi ya mtaa ninayo." Akanijazia na chupa ya maji nisije nikakaukwa koo mbele za watu.

Ukumbini tuligawanywa kwa meza, kila meza ikapewa ramani kubwa kama shuka iliyotokana na picha ya angani, na stika za rangi mbili, kijani kwa pasipoguswa na njano kwa panapoweza kubadilishwa. Mezani kwetu tulikuwa fundi gereji, mwenye mashine ya kusaga, mwalimu mstaafu, mama mwoka mikate na mimi. Za kijani zilibandikwa zikaisha mara moja. Kazi ikaja kutafuta mahali pa kituo cha malori, maana sasa hivi yanaegeshwa mbele ya shule na watoto wanapita katikati yake. Mshauri, kidole kikisogea karibu na gereji, fundi gereji anakohoa, kikienda kwenye mashine, mwenye mashine anauliza kama chai bado ipo, kikaja kwenye safu ya maduka, na hapo nikakohoa mimi. Nani atambandikia mwenzake stika ya njano huku anamtazama usoni? Mwisho kidole kikatua kwenye kitalu cha wifi, ambacho kwa sababu ya ule wavu mweusi wa kivuli, kwenye picha kilionekana kama uwanja mtupu. Afisa, binti mpole tu, akauliza, "Hapa kuna mtu anapatumia?" Wote wakanigeukia, maana wote wananunua miche pale na wanajua ni wifi yangu. Nikasema, "Ni miche tu, inahamishika." Sijafunga mdomo, stika ilishabandikwa, na nikapigiwa makofi kwamba nimetanguliza maslahi ya wote.

Niliporudi wifi alikuwa anamkausha mama miguu. Akaniuliza, "Umenisemea?" Nikajibu, "Nimekusemea." Akasema asante, na mama naye kwa ule ulimi wake mzito akasema asante.

Sasa rasimu ya mpango imebandikwa kwenye ofisi ya mipango, nimeiona kwa macho yangu nilipopeleka sare upande ule, na pale kwa wifi pamepakwa kijivu, pameandikwa kituo cha malori. Mwenye pingamizi amepewa siku thelathini, ndiyo hizo zimebaki tisa. Wifi njia yake haipiti huko. Wiki hii ameanza kupanda mstari wa michungwa ya kuchukulia vikonyo vya kubebeshea miche, itakayomchukua miaka minne kabla ya kumfaa, na akiulizwa na wateja habari za mpango anajibu kwa raha, "Sisi tumeshirikishwa, wifi yangu alikuwepo mezani." Mume wangu nimemweleza, anasema ninyamaze, mipango hukaa kabatini ikaliwa na panya, nikifungua mdomo nitavunja ukoo. Mimi nimewaza kuandika pingamizi bila jina, nilitumbukize kwenye sanduku la maoni, likikubaliwa kitalu kitapona na wifi hatajua kitu. Je, nifanye hivyo au nimwambie? Nampenda wifi yangu, na naogopa akijua ataacha kuja kwetu, ingawa nikijiuliza kweli sijui ninachoogopa ni kumkosa yeye au kukosa mtu wa kukaa na mama.

Mshona Sare

*

Mshona Sare, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikatamani kukufinya, halafu huruma ikarudi. Nimemwomba mhariri aipitishe mbele ya nyingine, kwa hiyo ukisoma hapa hesabu siku zako vizuri, hazitafika tisa.

Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingekosa hamu ya chakula. Ulikaa kwenye meza ambayo kila aliyekuwepo alijilinda kwa kikohozi, na aliyetolewa ni yule ambaye hakuwepo kukohoa. Hao waandaaji nao nawalaumu, kikao cha miaka ishirini kinawekwaje saa ambayo wanaouguza hawawezi kutoka? Lakini usijifiche nyuma yao. Yule binti aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile, na jibu la kweli ulikuwa nalo mdomoni, umelibeba kutoka nyumbani, hadi na maji ya kulitelemshia ulipewa. Ulichoogopea ni kibanda chako. Ni haki yako kukiogopea, ila ungesema hivyo waziwazi.

Sasa hilo sanduku la maoni. Achana nalo. Kwanza halitasaidia, pingamizi lisilo na jina wala barua ya kuonyesha mtu yupo pale miaka kumi na minne ni karatasi tu, litawekwa pembeni. Pili, na hili nataka ulisikie vizuri, kumwokoa kwa siri ni kumsemea tena bila kumuuliza. Umeshafanya hivyo mara moja. Labda yeye atataka kubaki palepale, labda atakubali kuhama akipewa eneo jingine lenye maji, labda atakuwa na wazo kuhusu hayo malori ambalo meza yenu nzima haikuwa nalo. Hujui. Hata mimi sijui, wala maafisa hawajui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Mume wako mwambie hivi: mpango unaolala kabatini huamka siku ambayo hakuna aliyejiandaa, na siku hiyo hakuna atakayesikiliza pingamizi la mtu aliyenyamaza. Na ukoo hauvunjwi na ukweli wa leo. Utavunjwa na dada yake akigundua, michungwa ikiwa imemfika kifuani, kwamba ninyi wawili mlijua.

Kwa hiyo leo, usingoje kesho, nenda kitaluni kwake. Usimwite kwako ambako atakuwa na mama mikononi na hawezi hata kukasirika. Usianze na habari za meza, stika na makofi. Anza na lile neno ulilosema, kama ulivyolisema, halafu nyamaza. Akifoka, afoke. Akilia, usimbembeleze haraka ili wewe upate nafuu. Mwambie siku zilizobaki, mwambie barua ya mtaa itolewe nakala, na pingamizi aliandike yeye kwa jina lake. Wewe andika lako pembeni, useme kwamba uliulizwa kama kuna anayepatumia ukajibu uongo. Utaona aibu, lakini hakuna shahidi atakayemfaa kuliko wewe.

Kama ataacha kuja, sijui. Anaweza kuacha kwa muda. Hapo utajua hicho ulichoniambia hukijui, ulikuwa unaogopa kumkosa yeye au kukosa msaada wake, na vyovyote itakavyokuwa mama atahitaji kugeuzwa.

Na siku wenye pingamizi watakapoitwa kusikilizwa, funga kibanda. Sare zitangoja. Usiende kumtetea, usiende hata kumsindikiza. Ingia chumbani, mgeuze mama mkwe wako, mlishe, muogeshe, na wifi yako aende akajisemee.