Unga mweupe katika matope ya bustani

Siku ya ine, mwezi wa saba. Baridi kali, upepo wa vumbi, na moyo wangu umechoka kuliko mikono.

Tangu mji upasuke, tangu watu waanze kuvunja madepo ya bidhaa na askari kukimbia, nimekuwa nikijiambia: bustani iko. Bustani yangu ya lengalenga, mboga yetu ya majani, hapa Kasungami kando ya mto. Mume wangu, Baba Gracia, hajarudi kutoka Kambove, simu yake haipiti, lakini bustani iko.

Leo haiko tena.

Ilianza hivi. Walivunja depo ya kiwanda cha rangi, huko juu mto unakotokea. Watu hawakutaka unga mweupe uliokuwa ndani ya mapipa. Walitaka mapipa yenyewe, ya kuwekea maji, maana mabomba yamekauka. Wakamwaga unga wote mtoni. Maji yakawa kama maziwa, kisha yakatakata, tukamshukuru Mungu.

Rachel hakushukuru. Ni mwanafunzi wa chuo cha Kasapa, anapanga chumba kwetu. Chuo kimefungwa, lakini yeye anaendelea na kazi yake kwenye kompyuta, anaichaji kwa paneli ya jua ya jirani. Anaingiza kasi ya maji, kina, matope, halafu kompyuta inamuonyesha unga utapita wapi na utalala wapi. Anasema ule si unga wa kawaida. Kiwanda kiliutengeneza kwa chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona; anaziita nanoparticules. Haziyeyuki. Zinashikana na udongo mwororo, na pale maji yanapopunguza mwendo, zinazama nao.

Jana alinionyesha. Mto ulikuwa mstari wa bluu, na sehemu moja tu ilikuwa nyekundu sana.

Kwenye kona.

Kona yetu, pale sisi wanawake tunapochota matope meusi kwa beseni kila kiangazi na kuyatandaza kwenye matuta. Ndiyo mbolea yetu. Mwaka huu nami nilichota, baada ya unga kupita. Hakuna tuta nililoruka.

“Lengalenga inazinywa zile chembe?” nilimuuliza.

“Inawezekana, yaya, dada yangu. Labo imefungwa, hakuna muntu wa kupima. Kompyuta inajua kwenye unga unaenda. Kama itatufanya nini, hapo haijue. Na miye sijue.”

Nilitamani aniambie ndiyo ao hapana. Ningelia, halafu ningejua pa kuanzia. Sasa ninalia na sijui ninalilia nini.

Asubuhi niling'oa. Matuta yote. Wamama wanaonunua kwangu sokoni wana watoto pia, siwezi kumuuzia mwenzangu kitu nisichokijua mwenyewe. Mama mukwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Weye unatupa chakula? Gracia atakula ordinateur, kompyuta ya Rachel?”

“Hatakula hizi, mama.”

“Basi atakula nini?”

Nikatoka kutafuta mihogo. Nilizunguka hadi miguu ikafa ganzi. Maduka yamefungwa, yale yaliyovunjwa yako wazi, lakini ndani ni ukuta mtupu. Mama mmoja alikuwa na viazi vichache kwenye kitambaa, akavifunika aliponiona. Sikumlaumu. Ningefunika hata mimi.

Nikarudi bila kitu.

Mama mukwe alikuwa ameokota majani kwenye fungu nililong'oa, akayapika na nyanya yetu ya mwisho. Hakunitazama. Gracia wangu, ambaye tangu juzi hajashiba, alikuwa amekaa chini, sahani katikati ya miguu, midomo ya kijani. Aliponiona akacheka, akaninyooshea majani kwa vidole vyake.

Mkono wangu ulifika hadi kwenye ukingo wa ile sahani, nimnyang'anye.

Nikakaa chini kando yake. Nikafungua kinywa, nikayapokea majani.