Kamshafti ya Kupandia Mlima

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo, ukimtoa mama yako. Figo zinatupeleka hospitali kila Jumatatu na Alhamisi akasafishwe damu. Basi linamtapisha, kwa hiyo nampakia kwenye pikipiki yangu kubwa ya safari, kile kiti cha nyuma chenye egemeo.

Sasa injini imechoka kama mimi. Fundi ameifungua, anasema kamshafti imelika, ile inayofungua na kufunga vali. Ya kiwandani haitengenezwi tena. Dukani zipo mbili za kampuni nyingine, na muuzaji anaisifia ya mwendo kasi. Wewe ndiye fundi injini wa ukoo huu. Nichukue ipi?

Baba yako

Tarehe 20 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima, ila karakana imetuelemea, wawili wameacha kazi. Mama anakula?

Usichukue ya kasi. Nguvu yake inakuja injini ikishazunguka mno. Kwenye mzunguko wa chini ni legevu. Wewe una watu wawili na ule mlima wa kwenda hospitali. Chukua ile inayovuta tangu chini, hata muuzaji akikuona mzee.

Binti yako

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nilinyamaza kwa aibu. Barua yako ilinikuta nimeshafunga ile ya kasi. Muuzaji aliniambia, "Mzee, hii itakurudishia ujana," nami nikaingia kichwa kichwa.

Tambarare inakimbia. Mlimani inakohoa. Jana ilizima mara tatu, mama yako akashuka, akapanda kwa miguu, bahasha ya vipimo kwapani, mimi nasukuma nyuma yake. Tukakaa kando ya barabara. Akasema, "Mume wangu, tukiacha kwenda, kuna ubaya gani?"

Nikampokea ile bahasha, nikaendelea kusukuma.

Baba yako

Tarehe 9 Mei

Shikamoo baba,

Barua yako niliisomea chooni kazini, nikakaa humo mpaka wakanigongea.

Usijilaumu. Hata mimi nimewahi kumfungia mteja kamshafti isiyo yake. Kifurushi hiki kina ile ya kuvuta, na springi za vali. Fundi alinganishe alama za meno ya gia, asikisie.

Nakuja mwisho wa mwezi. Swali la mama tutalizungumza sote watatu. Kwa sasa mpakie tu.

Binti yako

Tarehe 23 Mei

Mwanangu,

Tupo, kiasi chetu. Shafti imefungwa. Jana tulipanda mlima kwa gia ya tatu, haikukohoa. Mama yako hakusifia. Aliuliza tu kama nimejaza mafuta.

Wakati wa kurudi nikasikia kichwa chake kimetua mgongoni mwangu. Amelala. Tangu mwaka uanze usingizi umemkataa, anakesha akitazama dari. Nikapunguza mwendo, nikaibana mikono yake kiunoni mwangu kwa mkono wangu wa kushoto, huu ninaoandikia. Tukafika nyumbani, jirani akanipungia, nikapita bila kusimama. Nikaenda hadi lami inapoishia, nikageuza, nikapita tena.

Samahani kwa mwandiko. Ule mkono bado una ganzi.

Baba yako