Neno la Ukutani

4 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu anasema barua nzuri huulizia afya kwanza, ndipo yafuate mambo mengine. Leo afya ndiyo mambo yenyewe. Mimi ni mzima. Wewe je, kifua kimepoa? Ukiwa lindoni vaa lile sweta.

Mkutano wa viongozi tuliutazama Jumamosi, hapa hapa kanisani kwetu. Fundi mitambo alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukiutazama ukumbi ule ule unaoulinda wewe. Mama, kama kiongozi wa akina mama, alikaa mbele na wenzake, wote na vitambaa vyao vya zambarau kichwani. Mtandao ulikatika. Tukaimba, tukaimba tena mpaka sauti zikakauka, halafu picha ikarudi. Askofu akanyoosha kidole, akasema: "Kuna mama hapa, kiongozi, una kitambaa cha zambarau. Shinikizo la damu limekutesa. Nenda, umepona."

Mama alisimama. Alilia, Baba, na kanisa zima likapiga makofi. Nami nilipiga.

Tuliporudi nyumbani alimwaga vidonge vyake vya presha chooni. Nikamwambia, "Mama, daktari alisema usiache hata siku moja." Akacheka. "Daktari alisema. Sasa amesema mwenye daktari."

Ana furaha, anafua huku anaimba. Natamani sana iwe kweli. Lakini jioni hujishika kisogo akidhani simwoni. Wewe ulikuwa pale. Ulimsikia Askofu akisema vile? Sikukupigia kwa sababu simu haimtoki Mama mkononi. Barua nampa dereva wa lori la saruji.

Mwanao akupendaye

13 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, na sweta limetoboka kiwikoni lakini bado linanisitiri. Barua yako niliisoma nimesimama getini, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Nisikilize vizuri. Mwaka huu Askofu hakukanyaga ukumbini. Alikuwa hospitali, anafanyiwa upasuaji wa goti. Msaidizi wake ndiye aliyefungua mkutano na kuufunga. Maneno uliyoniandikia nayajua. Yalisemwa mwaka jana, na mama aliyeambiwa alikuwa amekaa karibu na mlango wangu. Nilimshika mkono asianguke. Mwaka huu sikumwona, na sikuuliza. Mlichoonyeshwa ni mkutano wa mwaka jana.

Nimempigia mama yako. Kabla sijamaliza akasema, "Wewe unalinda mlango, ya ndani utayajulia wapi?" Akakata. Tangu niache kuingia ibadani, nikimwambia jua linawaka anatoka nje kutazama kwanza. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Nenda kwa fundi, aje aseme mwenyewe mbele yake. Na zahanati wakupe vidonge vingine.

Najua ni mzigo mkubwa kwa mtu anayevaa sare ya shule.

Baba yako

22 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri walau mchana. Nimefanya yote uliyoniagiza, ila sijui kama nimefanya kitu.

Fundi nilimkuta kibandani kwake anachomelea nyaya za redio. Hakubisha. Alisema mtandao ulikufa kabisa, watu wakaanza kuchukua mikoba yao, ndipo akakumbuka ana flashi ya mkutano wa mwaka jana. "Nilitaka kujaza muda tu," akasema. "Mama yako aliposimama, ningefanya nini? Nizime?" Nikamwomba aje nyumbani. Akaniambia, "Mchungaji anajua. Ongea na Mchungaji."

Mchungaji alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. "Binti yangu," akasema, "neno halichachi kama maziwa. Mungu anaweza kutumia hata flashi." Nikamjibu, "Basi atumie na vidonge." Akasema nimsalimie Mama.

Nikarudi kibandani, nikakaa kwenye benchi la wateja mpaka fundi akaona aibu. Alikuja. Alimweleza Mama kila kitu huku anatazama viatu vyake. Mama alikuwa anakunja nguo, na hakuacha. Fundi alipomaliza, Mama akasema, "Kwa hiyo nilipona tangu mwaka jana, na mwaka mzima nimemeza dawa bure." Kisha akamkaribisha chai. Fundi alikunywa kwa haraka akaungua ulimi.

Usiku nilimpelekea vidonge vipya na kikombe cha maji. Hakukasirika. Alisema polepole, "Mwanangu, nimeshasimama mbele ya watu. Unataka nikawaambie nini, kwamba nilisimama kwa jina la mwingine?" Mwezi ujao, Jumapili ya akina mama, atatoa ushuhuda. Ameanza kuufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Vidonge nimeviweka karibu na mswaki wake. Labda siku moja mkono utajisahau.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya kitu, usiseme hukufanya. Hata mimi mzima na masharubu yangu nisingeweza kumtoa fundi kibandani.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi anasema nisubiri apatikane wa kushika lindo, nikiondoka kabla nisirudi. Nasubiri, na hapa getini naona kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu.

Usibishane naye tena juu ya flashi. Anajua. Mtu akishapigiwa makofi ni vigumu kukaa chini. Ila ukiona anaumwa kichwa sana, au ulimi umekuwa mzito, usingoje maombi yaishe. Ita bodaboda, ita jirani, piga kelele, ukose adabu kabisa. Nitakutetea.

Baba yako

25 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Najua jirani alikupigia simu, na kwamba wa kushika lindo bado hajapatikana. Unajua lililotokea, lakini hujui lilivyokuwa.

Mama alianza ushuhuda vizuri. Alipendeza. Alipofika pale Askofu aliponyoosha kidole, maneno yakaanza kumkwama, halafu yakatoka sauti tu. Watu wakadhani ananena kwa lugha. Wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakapaza sauti pamoja naye. Mimi nilikuwa upande wa dirisha na niliona mdomo wake umekwenda upande. Nilipiga kelele kama ulivyosema. Walidhani nami nimeshukiwa na Roho. Nilipanda jukwaani nikamkumbatia kiunoni, tukaanguka wote wawili, ndipo makofi yakakoma.

Sasa ametoka hospitali, yuko nyumbani. Upande wa kulia haujarudi, na hasemi. Fundi ndiye aliyembeba kutoka kwenye gari mpaka kitandani, na huja kila siku kumgeuza. Mchungaji alikuja mara moja, akaomba kwa sauti ndogo. Akina mama wanatuletea maji. Hakuna anayetaja mkutano.

Daktari ameniandikia saa za dawa. Nasaga vidonge kwa kijiko, nachanganya na uji. Anakula uji mtupu. Wenye dawa anaujua, sijui anautambuaje, anafunga mdomo na kutazama ukuta. Siku tatu nimembembeleza. Jana nilikuwa nimejiandaa kumweleza mishipa ya damu tuliyofundishwa darasani, nikashindwa kuanza. Nikamwambia, "Mama, sisemi hukupona. Nasema naogopa."

Aligeuza macho kutoka ukutani. Halafu akafungua mdomo, kidogo, kwa upande ule unaoweza.

Leo sijui kama atafungua tena. Dereva wa lori ananisubiri nje, kwa hiyo naifunga barua kabla ya saa ya dawa.

Mwanao